Shati Lisilokuwemo

Mume wa Opereta alikuwa anatoa alama kwa kila kitu, ndiyo maana watu wakamwita Mzee Alama. Chai ya asubuhi aliipa saba. Hotuba ya bwana harusi aliipa nne, tena kwa sauti, bwana harusi akiwa bado ameshika kipaza sauti. Jirani alipomletea mjukuu wake mchanga amwone, alimsikiliza mtoto akilia, akasema nane, kisha akafafanua kwamba sauti anayo ila anaharakisha.

Hakuwa na ubaya. Alifundisha uigizaji chuoni mpaka akastaafu, na alipostaafu akaingizwa kwenye jopo la majaji wa tuzo za filamu, upande wa filamu zinazosimulia maisha ya watu waliowahi kuishi kweli. Malipo yake yalikuwa chupa ya maji na nauli, lakini aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Filamu zilizoteuliwa zilipofika nyumbani, sebule iligeuka chumba cha mtihani. Pazia linafungwa, simu zinazimwa, na Opereta haruhusiwi kutafuna kitu chochote chenye mlio.

Yeye Opereta jina lake alilitoa kazini. Ujana wake wote ulipita kwenye mitambo ya simu ya hospitali kubwa, akiwaunganisha watu na wodi za wagonjwa wao. Sauti yake ilikuwa ya kutuliza. Mtu alipiga akiwa anatetemeka, na kabla hajaunganishwa kokote ameshapata nafuu. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili. La kwanza, kusikia ya watu na kuuma ulimi. La pili, kutouacha ukimya ukae kwenye laini, maana anayesikia kimya hudhani amekatiwa, naye hukata.

Kisha macho ya mzee yakaanza kumtupa. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokuja kwa kunyata. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akiona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Daktari hakuzungusha maneno: kilichobaki ndicho kilichobaki. Wakiwa bado kwenye korido ya hospitali, mzee alimshika mkewe mkono akamwambia jambo moja tu.

"Jopo wasijue."

Opereta angeweza kubisha. Angeweza kumwambia kwamba mtu asiyeona kuhukumu filamu ni kichekesho. Lakini alimtazama mume wake amesimama pale na bandeji, amenyang'anywa kusoma, amenyang'anywa kutembea peke yake, na akaona kwamba akinyang'anywa na hili atabaki mtu wa kukalishwa kitini na kuulizwa kama amekula. Akakubali. Msimu wa tuzo ulipofika, wakala njama kama watoto.

Utaratibu wao ulikuwa huu: mzee anasikiliza, mkewe anamsimulia yanayoonekana. Siku za kwanza Opereta alikuwa hovyo kabisa. "Mwanamume anaingia," alisema. "Anakaa. Anainuka."

"Hiyo ni taarifa ya polisi," mzee alilalamika. "Nipe uso wake."

Akampa tatu. Opereta alinuna, lakini kesho yake akarudi kitini, na polepole akaanza kuona vitu ambavyo miaka yote alivipita. Akaona kwamba mwigizaji fulani anadanganya kwa shingo wakati uso umetulia. Akaona mwingine anayelia vizuri lakini mikono yake haina habari na kilio. Na mzee naye kwa masikio alikuwa moto. Kulikuwa na filamu ya bondia, mtu aliyeishi kweli, na mwigizaji wake alijikondesha mpaka mbavu zikahesabika. Opereta alisema amefanana na picha za bondia kama mapacha. Mzee akatikisa kichwa. Kufanana ni kazi ya kinyozi na fundi wa nguo, alisema. Huyu kamwiga mtu, hajamwigiza. "Kila akimaliza sentensi anangoja makofi. Namsikia anavyongoja." Akampa tano.

Na mwandishi wa filamu ile hakusalimika. Mzee alishikilia kwamba maisha ya mtu hayanyooki, na anayeyanyoosha ili yapendeze anamzika mtu mara ya pili. Opereta alikuwa akimsikiliza na kufurahi, kwa sababu sauti ya mumewe ilikuwa imerudi kuwa ya darasani.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya mke wa mchimba madini ambaye mgodi ulimfukia mumewe, na yeye akakaa kungoja. Aliyeigiza ni binti aliyezoeleka kwenye vichekesho vya televisheni, na mzee alianza kumsikiliza mikono kifuani, kwa shari. Ikafika mahali ambapo mjumbe amekuja na habari ameondoka. Mwanamke amebaki jikoni. Bomba linadondosha maji kwenye sinki, tone, tone, na hakuna muziki, hakuna neno.

"Anafanya nini?" mzee aliuliza.

Hakuwa anafanya kitu. Amewapa watazamaji mgongo, mikono ameiweka kwenye ukingo wa sinki, amesimama. Opereta alitafuta la kusema akakosa. Ukimya ukazidi kurefuka, na yule mama wa mitambo ya simu ndani yake akaingiwa na hofu kwamba mtu wa upande wa pili atakata.

"Amechukua shati la mumewe," alisema. "Analifunga vifungo. Kimoja kimoja, kuanzia juu mpaka chini, na shati halina mtu. Sasa ameliweka kwenye mgongo wa kiti."

Mzee akatoa leso.

"Huyo binti wamemtoa wapi?" aliuliza, na sauti haikukaa sawa. "Tisa. Tisa kwa lile shati."

Opereta alipanga kumweleza kesho yake asubuhi. Asubuhi ikafika, mzee akaamka na shati mdomoni. Akalizungumzia kwenye chai. Akalizungumzia akiwa anaoga, mlango umefungwa, kwa sauti ya kumhutubia binti mwenyewe. Kumwambia ilikuwa sawa na kumpokonya mtu tonge. Na kulikuwa na jambo jingine lililomzuia kila alipofungua kinywa: shati lile hakulitunga. Alilijua lilikotoka, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Siku ya kikao alimtolea nguo kitandani kama kawaida. Mzee hakutaka kuvalishwa; alijifunga vifungo mwenyewe, na kama ilivyokuwa tangu akiwa kijana mwenye macho mazima, aliruka tundu moja, shati likakaa upande. Opereta akamfungua, akamfunga upya mpaka chini, naye mzee akasimama wima akanyoosha kidevu, akiipa huduma ile sita. Wakatoka wameshikana mkono. Kwa watu walisema ni goti la mzee linasumbua, na wenzake wa jopo waliwatania kwamba wanarudia fungate.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kilicho juu ya ukumbi wa sinema, chenye meza ndefu na skrini ukutani. Mwenyekiti alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mzee, na bado alikuwa akisimama mwalimu wake anapoingia. Opereta alipewa kiti cha nyuma karibu na mlango, akakaa na mkoba mapajani. Alijua mumewe anakwenda kusema nini, na hakuna namna ya kumzuia bila kumwaga kila kitu mezani.

Mpiga picha mmoja mkongwe, mtu wa haki asiyependa maneno mengi, alimtetea yule bondia, akataja mwili, jasho na kazi iliyofanyika. Mzee Alama akangoja zamu yake, kisha akainuka. Alizungumza vizuri. Alieleza tofauti ya kumwiga mtu na kumbeba, na vijana wa jopo wakaacha simu zao. Halafu akasema haya yote hayana maana mbele ya shati moja.

"Mwanamke ameambiwa mumewe hatoki. Halii. Anachukua shati, analifunga vifungo kana kwamba ndani kuna kifua. Nionyesheni filamu nyingine hapa yenye kitu kama hicho."

Opereta alimwona mpiga picha akimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akiinamia meza.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema taratibu, "shati lipi?"

Mzee akacheka. Akawaambia hilo ndilo tatizo la kutazama filamu huku mnachezea simu. Mpiga picha, bila ubaya wowote, akasema ni rahisi, ipo pale, waitazame. Taa zikapunguzwa. Kwenye skrini mwanamke akasimama mbele ya sinki, mgongo kwa watu, na bomba likaanza, tone, tone. Mzee aliitambua sauti ile. Uso ukamchangamka, akanyoosha mkono.

"Hapo. Kifungo cha kwanza. Mnakiona?"

Kidole chake kilikuwa kinaonyesha dirisha.

Bomba likaendelea kudondosha, na mzee akabaki na mkono hewani, na tabasamu lake likawa linangoja. Opereta hakuweza kulitazama tabasamu lile. Akainuka, mkoba ukaanguka chini, hakuuokota.

"Shati halimo," alisema, kwa sauti ileile ya kazini. "Nimelitia mimi. Mwalimu haoni tangu alipotoka hospitali, mimi ndiye ninayemsimulia. Hapo yule binti amesimama tu. Kosa ni langu."

Mkono wa mzee ukashuka. Akapapasa kiti chake, akakaa, na kwa muda alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi. Akasogea akamshika bega, akasema hawana haraka, itatafutwa njia, jopo haliwezi kumpoteza mtu kama yeye. Mzee akaupigapiga mkono wake kama anavyofanyiwa mtoto.

"Alama zangu ziondoeni zote," alisema. "Filamu niliyoiona mimi haikuletwa kwenye mashindano."

Ndani ya teksi mzee aligeuzia uso dirishani. Opereta alitazama maduka yakipita na aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya upasuaji, kwa sababu siku ile wa kulaumiwa alikuwa Mungu na madaktari, leo ni yeye. Amemwaibisha mume wake mbele ya mwanafunzi wake. Ameitia chumvi kazi ya mtu mwingine, na binti wa watu angeweza kupewa tuzo kwa jambo ambalo hakulifanya, au kunyimwa kwa alilolifanya. Alitaka kuomba msamaha, akaishia kumhesabia dereva nauli.

Walipoingia nyumbani mzee hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akamwomba amwekee sehemu ile tena.

"Na usiseme kitu."

Akaiweka. Bomba likadondosha. Mzee aliinama, sikio likielekea kwenye televisheni. Safari hii bila sauti ya mkewe akasikia vilivyokuwepo: pumzi iliyoanza ikaachwa katikati, kucha ikigusa bati la sinki mara moja, halafu basi.

"Amesimama tu?"

"Amesimama tu."

"Muda wote huu?"

"Wote."

Mzee akaegemea kiti. "Binti anaweza," alisema. "Nane na nusu. Ungeniacha nimsikie mwenyewe."

Lilikuwa karipio na Opereta alilipokea, akasema ni kweli, nisamehe. Mzee akainama akavua viatu.

"Na lile shati? Ulilitoa wapi?"

Opereta alizima televisheni. Alikaa kwenye mkono wa kiti chake, akasimulia bila kupamba, kama alivyofundishwa. Ilikuwa jioni ya siku ya upasuaji. Walikuwa wamemwambia arudi nyumbani, mgonjwa hataruhusiwa kuonwa mpaka kesho, na kwa namna daktari alivyosema alifahamu kwamba presha ya mwili nayo imepanda na wana wasiwasi. Alikuta shati lake kwenye kamba, limekauka. Akaanza kulikunja, akashindwa.

"Maisha yangu yote nakufungua nakufunga upya," alisema. "Nikaona kesho sitakuwa na wa kumfunga. Nikalifunga vifungo vyote, halina mtu, nikaliweka kwenye mgongo wa kiti chako, nikakaa nalo. Ndipo simu ikalia wakasema umeamka."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana hakukuwa na wa kumwona. Halafu akaona nyumba imekuwa nzito mno, akajaribu kuichangamsha.

"Haya, Mzee Alama. Toa alama."

Mzee akatikisa kichwa. Opereta hakuwahi kumwona akikosa namba.

"Lilikuwa shati lipi?" aliuliza mwishowe.

"Hilo ulilolivaa."

Mkono wa mzee ukapanda shingoni, ukakipata kifungo cha kwanza, ukakaa hapo. Kisha ukateremka kwenye cha pili, na cha tatu, taratibu, mpaka chini, na vyote vilikuwa mahali pake.