Kiti Chenye Mwenyewe

Alama ile shingoni mwa binti yangu ilikaa siku tano. Ilikuwa mstari mwekundu, mwembamba, kutoka chini ya sikio hadi kwenye koo, kana kwamba mtu amempima kwa uzi. Tulikuwa tunarudi kutoka Ihumwa Jumapili mchana, mume wangu akafunga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara. Mkanda wa gari, uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, ukamkaba mtoto. Hakulia. Alitutazama tu, mdomo wazi, na ng'ombe wakaendelea kupita mbele ya boneti mmoja mmoja, bila haraka.

Gari lilikuwa na miezi miwili kwetu. Miaka ile vitu vilikuwa vimeanza kuingia nchini kwa wingi, na watu waliozoea kupanga foleni ya sukari ghafla waliweza kununua gari lililotumika Japani. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, mimi mpiga chapa katika ofisi ya mjini, na tulikaa Area D, Dodoma. Mtoto wetu alikuwa huyo mmoja. Alikuwa na miaka minne, lakini asiyetujua alimdhania miwili. Kliniki walimtundika kwenye mizani kila mwezi, nukta yake kwenye kadi ikaangukia palepale kwenye rangi ya kijivu, ya uzito pungufu. Daktari alisema haumwi, ni umbo lake tu. Mume wangu hakupenda kusikia hivyo. Mtu akisema mtoto ni mdogo, alibadilisha mazungumzo.

Jirani yetu nesi alipoiona ile alama, alimshika mtoto kidevu akamgeuza taratibu.

"Mama, huyu anahitaji kiti chake mwenyewe ndani ya gari," aliniambia. "Vipo vya mitumba, nimeviona kwa yule mama anayeuza vyombo karibu na soko. Ila ukichagua, angalia kilo zake. Usiangalie miaka."

Tulikwenda Jumamosi, sisi watatu. Mama yule aliuza pasi, vitanda vya watoto, baiskeli za magurudumu matatu, kila kitu kilichokuwa kimetumika Ulaya au Japani. Viti vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha buluu, chenye sponji nene na mikono ya kuegemea. Kingine kilikuwa kidogo, cha rangi ya udongo, kimechakaa kitambaa, cha kumkalisha mtoto akitazama nyuma ya gari.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza yule mama.

"Minne," mume wangu alijibu haraka.

"Basi ni hiki cha buluu. Hicho kingine ni cha wachanga."

Nilikiinamia kile cha buluu. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni niliona namba: kuanzia kilo kumi na tano. Binti yangu alikuwa na kilo kumi na moja. Nilifungua mdomo kumwambia mume wangu, nikamwona anavyomtazama mtoto wake akipandishwa kwenye kiti cha watoto wakubwa, nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani na mimi nilitaka awe na miaka minne kama wenzake.

Kuanzia siku ya kwanza kiti kile hakikumkubali. Sponji ilikuwa imebonyea katikati, shimo la mtoto mwingine, mpana na mrefu kuliko wa kwangu. Mikanda ilitokea juu ya masikio yake. Yeye mwenyewe hakukaa katikati. Alijisogeza ubavuni akaegemea mkono wa kiti, akaacha nafasi.

"Kaa vizuri, mama," nilimwambia asubuhi moja.

"Nimekaa vizuri."

"Mbona umejibana hivyo?"

"Nimempisha."

Sikuuliza amempisha nani. Watoto wa pekee huwa na wenzao wa kubuni, nilijiambia. Lakini tangu siku hiyo nilianza kugeuka nyuma mara kwa mara tukiwa njiani, na kila nilipogeuka nilimkuta amejibana upande uleule, akitazama ile nafasi tupu kwa adabu, kama anayemsikiliza mtu mzima akiongea.

Kiangazi tulikwenda Busi, Kondoa, kumwona mama mkwe. Barabara ilikuwa ya vumbi yote. Tulipoiacha Dodoma nyuma sana, tambarare ikawa kavu pande zote, hakuna nyumba wala mbuzi, kilitokea kimbunga cha vumbi. Kilisimama kama nguzo nyekundu, kikatembea kuelekea barabarani. Mume wangu alisimamisha gari kukipisha. Tulifunga vioo. Kikatupitia. Ndani mkawa giza la rangi ya matofali, mchanga ukakwaruza mabati pande zote, halafu kimya.

Nikageuka.

Mikanda ya kiti ilikuwa imefungwa, vifungo vyote mahali pake, imetulia juu ya sponji. Kiti kilikuwa kitupu. Binti yangu alikuwa amesimama chini, nyuma ya kiti cha baba yake, mikono nyuma.

"Nani amekutoa?" niliuliza. Sauti yangu sikuitambua.

"Nimetoka mwenyewe. Amesema nimekaa pake."

Mume wangu alizima injini. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akajaribu mikanda, akaifungua akaifunga tena. Ilishika barabara. Kisha akapitisha ngumi yake, ngumi ya mtu mzima, kati ya mkanda na sponji, na ikapita. Alibaki ameinama pale muda mrefu, mkono ukiwa ndani.

"Amepenya," alisema mwishowe. "Tungepinduka hapa, angepenya hivihivi."

Njia iliyobaki tulikwenda polepole, nikiwa nimekaa naye nyuma, nimemzungushia mkono. Upande wake wa pili kulikuwa na kile kiti. Sikukigusa.

Kesho yake asubuhi, uani kwa mama mkwe, nilikivua kitambaa nikifue, maana kilijaa vumbi. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake anapeta uwele. Nilipoinua sponji, vitu vilidondoka kwenye ungo wake, vikalia kama changarawe. Aliviokota akavinyanyua juani. Vilikuwa vipande vya kioo, vidogo kama punje, vya mraba, visivyo na makali. Nilivifahamu. Ni kioo cha gari kinapovunjika. Vilijaa kwenye mishono yote, na chini ya sponji plastiki ilikuwa imepasuka kutoka kwenye tundu la mkanda mmoja hadi la pili. Kando ya ufa ilikuwa imegeuka nyeupe, kama kitu kilichovutwa kwa nguvu kubwa. Mikanda yenyewe, ilipokuwa imefichwa na kitambaa, ilikuwa imetanuka na kuchanika nyuzi.

Mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alisema maneno machache na alisema moja kwa moja.

"Mwenye kiti yuko wapi?"

"Sijui, mama. Kimetoka Ulaya."

"Mtoto wake mzima?"

Nilivitazama vile vioo kwenye ungo. Mama mkwe akaumwaga ule uwele wote kwa kuku, akaingia ndani kuosha mikono.

Nilimwita mume wangu nikamwonyesha. Nikamwambia na ile namba niliyoiona dukani nikanyamaza. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini.

"Hata mimi niliiona," alisema.

Tulimwacha mtoto kwa bibi yake, tukarudi wawili. Pale uani, kabla ya kuondoka, nilichukua kisu cha jikoni nikaikata mikanda yote vipande vifupi, na mume wangu akalivunja lile ganda la plastiki kwa shoka, ili asije mtu akakiokota akamkalisha mwanawe. Kuku walikimbia kila shoka lilipotua.

Kiti cha rangi ya udongo kilikuwa bado pale sokoni. Safari hii mume wangu ndiye aliyeuliza.

"Hiki mwenyewe unamjua?"

"Namjua sana," alisema yule mama. "Alikuwa anafanya kazi kwenye mradi wa maji. Watoto wake wawili wamekaa humo, wote wamekua. Waliniaga wote watatu siku wanaondoka. Hakijawahi kupata ajali."

"Na kile cha buluu?"

Alitikisa kichwa. "Kile kilikuja ndani ya kontena."

Tulikivua kitambaa palepale, tukakipapasa kila mahali kama vipofu. Plastiki ilikuwa nzima, mikanda haikuwa na uzi uliochomoka. Namba ubavuni ilisema hadi kilo kumi na tatu. Tulipomfuata binti yetu na kumkalisha, kichwa chake kilibaki chini ya ukingo na mikanda ilimkaa kifuani, kidole changu kimoja kikipita kwa shida. Alikaa katikati bila kuambiwa.

Watu walicheka. Mfanyakazi mwenzangu aliuliza kwa nini mtoto wa miaka minne anasafiri kinyumenyume kama mzigo. Mume wangu alimjibu, "Kwa sababu ana kilo kumi na moja," bila kubadilisha mazungumzo. Binti yetu alikaa humo zaidi ya mwaka, mpaka mizani ilipotuambia tutafute kingine. Leo ni mama wa watu, bado mfupi, na anaendesha gari kwa ukali kuliko baba yake.

Lakini siku ile tunarudi naye kutoka Busi, nikiwa nimekaa pembeni yake, tulipofika kwenye ile tambarare aliinua mkono, akapunga kuelekea kioo cha nyuma. Alipunga taratibu, kama anavyopunga mtu anayemwona anayempungia. Niligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina mtu. Alipunga mpaka tukapinda kona, kisha akaushusha mkono, akalala.