Fungu Nililolificha

Siku ya kwanza kazini nilifika na tope jekundu la kijijini kwetu Mlola viatuni. Mkuu wa Fedha wa tawi letu la chuo kikuu cha umma alinitazama miguu kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu. "Mgosi," akasema, kama tunavyoitwa wanaume wa kule milimani, "hapa bajeti inabandikwa ubaoni, hata mpishi aisome. Isiyosomwa huliwa." Alikuwa mkali, lakini haki ya Mungu, kazi alinifundisha.

Alinifundisha fungu la dharura, yaani fedha inayotengwa kwa lisilotarajiwa, isiyoguswa mpaka janga litokee. Masika ya milimani kwetu mnayajua, hayana adabu.

Alipostaafu akaja mwingine, mpenda sherehe. Kila mwaka fungu la dharura lilikwisha kwenye mahema ya mahafali. Nikachoka. Bajeti niliiandaa mimi, basi nikajifanya mjanja, nikalificha ndani ya kasma ya samani, ile sehemu ya bajeti ya viti na meza, bila kumwambia mtu. Ubaoni, penye dharura, nikaandika sifuri. Niliona nimelinda mali ya umma, kumbe ujanja mwingi mbele giza.

Mwaka uleule udongo uliporomoka ukabomoa bweni la wasichana. Hakuumia mtu, tunashukuru. Kikaoni yule Mkuu mpenda sherehe akauliza, "Dharura tuna nini?" Wote wakanigeukia. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba nimeghushi bajeti, nami nilikuwa nasomesha watoto wanne. "Hakuna kitu, Mkuu," nikajibu.

Wasichana wakarudishwa makwao wasubiri bweni. Wakasubiri mwaka mzima. Fedha niliyoificha haikununua hata stuli. Mwaka wa fedha ulipoisha ikarudi Hazina, kama sheria inavyotaka. Nami nikastaafu kwa keki na hotuba za kusifu uadilifu wangu. Niliona aibu, nikaila keki.

Juzi sokoni Mlola muuza karoti mmoja akaniamkia. "Shikamoo, mzee. Hunikumbuki? Zaina wa Mtae, wa lile bweni lililobomoka."

"Marahaba, mwanangu. Ulirudi kumaliza?"

"Wapi! Baba alichoka kusubiri, akaniozesha." Akacheka kidogo, akafunga karoti zangu. "Lakini hatuwalaumu, mzee. Tulisoma wenyewe pale ubaoni, pesa haikuwepo. Ingekuwepo mngetujengea."

Akaniongezea karoti mbili za bure. Nikazipokea, nikamshukuru, na hata pale sikumwambia.