Luni wa Mzee Sangster

Wattie Sangster alikuwa na miaka hamsini na mbili, ndevu zimeshaingia mvi, na bado baba yake alimwita luni. Kwetu Buchan, mashambani karibu na mji wa Aberdeen, luni ni mtoto wa kiume, huyu anayetumwa kuni na kufokewa akichelewa. Na mwana akikaa kwenye shamba la baba yake bila mke, basi ni luni tu, hata awe na kipara. "Luni, farasi wamekunywa?" "Luni, funga mlango, baridi hiyo!" Wattie anaitika, "Naam, baba," huyo anakwenda. Jamani, upole mwingine unatia hasira!

Maana Elspet Mutch, mshonaji wa kijijini, alikuwa akimsubiri miaka nenda rudi. Kila Wattie akigusia habari ya kuoa, mzee hudakia, "Kuoa? Luni huyu?" na ulimi wa Wattie unaganda. Mwaka huo Elspet akamwambia wazi: ama mzee aambiwe siku ya karamu ya mavuno, ama yeye anahamia Aberdeen kwa dada yake, harudi tena.

Karamu ikafika. Mikate ya shayiri, jibini, bia, vicheko. Mzee akapaza sauti, "Luni, ongeza bia!" Wattie akainuka, akashika jagi, akasimama papo hapo. Akamtazama Elspet, kisha akaanza kumimina bia.

Akainuka Elspet. "Mzee Sangster, luni gani mwenye mvi kuliko paka wangu? Hebu mwache awe mtu mzima, anioe!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mama yake alipokuwa anakata roho," akasema, "alinishika mkono akaniambia, 'Nitunzie luni wangu.' Huyu alikuwa na miaka minne. Marehemu hakuniambia niache lini."

Wattie hakuwahi kuyasikia hayo maishani mwake. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Elspet akaenda kupiga magoti karibu na kiti cha mzee, ukali wote umemwisha.

"Basi mimi ndiye nakwambia, baba. Umemtunza vya kutosha. Nipe na mimi nimtunze."

Mzee akamtazama mwanawe, akamtazama sana.

"Kifua chake kibovu wakati wa baridi," akamwambia Elspet. "Usimwache alale na soksi zilizolowa."