Chai Ingoje Kwanza

Likizo ya Agosti nilimsindikiza mama, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Kibugu, kutafuta watu wa kushiriki utafiti wa ugonjwa wa sukari. Tulikuwa na nesi mmoja kutoka Embu mjini. Mimi nilibeba mkoba na, kusema ukweli, nilijificha nyuma ya mama.

Sharti lilikuwa moja tu: mtu adungwe kidole asubuhi, kabla hajala wala kunywa kitu. Lakini kwetu mgeni akionekana tu kule chini kwenye majani chai, sufuria imeshawekwa motoni, na mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Anakunywa naye, na asubuhi imeharibika. Tukikataa, tunamdharau.

"Kama chai yangu hamtaki, damu yangu ni ya nini?" mzee mmoja alimuuliza nesi. Tukarudi bila mtu.

Mimi nilikuwa nikimfikiria cucu, mama yake mama. Jioni nikimwosha miguu nilikuwa naona kidonda kwenye kidole, kilichokataa kupona tangu mvua ya masika. Mama alikuwa amemwomba apimwe.

"Babu yenu walimtoa damu hospitalini," cucu akasema, "na hakurudi hapa."

Mama hakusisitiza. Nesi naye alikuwa ametuambia hakuna wa kulazimishwa.

Mimi huwa siongei, hata darasani mwalimu hunisahau. Lakini jioni hiyo, mguu wake ukiwa kwenye taulo, nilisema bila kumwangalia, "Cucu, kesho tukikuja hatutakunywa chai mpaka upimwe. Mimi sitakunywa, hata nesi. Tutakaa na njaa pamoja na wewe."

"Na wewe ni nani amekufundisha kuongea?"

Nikaendelea kumpangusa miguu.

Asubuhi tulikuta moto umewaka, chai imeiva, vikombe vimefunikwa. Hakumimina. Nesi akamweleza yote upya, na kwamba hata sasa anaweza kukataa. Cucu akatoa kidole.

Nesi akaangalia mashine ya kupima sukari, kisha akaomba kuona mguu. Akasema cucu aende hospitali leo leo, asingoje kesho.

Cucu akatumiminia chai, kikombe chake akakiacha bila sukari. Halafu akanigeukia.

"Enda kwa jirani. Mwambie sufuria yake ingoje kwanza, mnakuja kumpima."

Nikaenda peke yangu.