Nyuki Kwenye Sanduku la Bendera

Enzi za Mwingereza nilikuwa mgeuza reli na mpunga bendera katika stesheni ndogo, upande wa Igalula. Stesheni masta wetu alitoka kisiwa cha Seiloni, mfuasi wa Budha, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kila asubuhi alisoma kitabu cha dini yake kabla ya kufungua ofisi, kisha akaishi vilevile alivyosoma: haui, hasemi uongo. Mimi Mkatoliki wa mdomoni nilimcheka. Mtu mzima anawahamisha siafu kwa ufagio!

Basi nyuki wakaingia kwenye sanduku la bendera, na inspekta wa reli anakuja kesho yake. Kwetu Unyamwezi tunarina asali kwa moto. Dawa nyingine sikuijua.

"Usiwachome," stesheni masta akaniambia. "Tundika mzinga mtupu, upake nta, watahama wenyewe."

Niliitikia ndiyo huku hasira imenipanda. Alipokwenda kula, nikawasha mwenge wa nyasi. Nyuki wakafa, bendera zote zikateketea, moto ukashika paa la ofisi. Stesheni masta akarudi mbio, tukauzima kwa taabu.

"Bwana, nihurumie," nikamwambia. "Nina watoto sita. Sema ni cheche za garimoshi."

Nani asingeamini? Cheche ziliunguza nyasi za kando ya reli kila kiangazi. Akanitazama kwa huzuni, akasema hawezi. Nilimchukia, nisifiche.

Inspekta alipofika, stesheni masta akamweleza yote mbele yangu: huyu ndiye aliyewasha. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Nilijua hasira zake, na bado nikamwachia stesheni wakati wa zamu yangu. Kosa kubwa ni langu."

Mimi nikapewa onyo tu. Yeye akashushwa cheo, akahamishiwa mbali. Siku zote nilidhani msema kweli ni mtu wa kuwashitaki wenzake. Huyu alijishitaki zaidi, na nilimpenda tangu saa ile.

Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku lake hadi kwenye behewa.

"Shikamoo, bwana," nikamwambia, mimi mwenye mvi.

Akacheka. "Wewe ndiye mkubwa. Nikiitikia marahaba nitakuwa nimesema uongo." Akainamisha kichwa dirishani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu. Kisha nikainua bendera mpya ya kijani, maana bila mimi kuipunga treni yake isingeondoka.