Faili Lenye Doa la Chai

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. La, nasema uongo. Mvua kubwa ilikuwa mwaka uliotangulia, ile iliyong'oa mabati ya zahanati. Huu ni mwaka ambao chuo cha udaktari kilipakwa rangi upya, juu mpaka chini. Afadhali niuseme sawasawa, maana bila harufu ya rangi ile haya yote yasingetokea.

Chuoni hapo alikuwapo mfagiaji, watu wakimwita Mzee Fagio. Kwa miaka kumi na tisa alianza na ngazi, akaja korido, akamalizia ofisi ya usajili, kwa kuwa vumbi hupenda karatasi. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, akatoka kabla wenye viti hawajafika. Kusoma alisoma madarasa manne tu. Jina lake aliliandika bila shida. La mwenzake alilitafuna taratibu, kama mtu mwenye jino bovu.

Mwaka huo binti yake wa mwisho, Kitinda, aliomba nafasi chuoni humo humo. Waombaji walipita elfu tatu. Chuo kilichukua arobaini, hakiongezi hata mmoja, kwa sababu maabara ilikuwa na stuli arobaini. Mzee Fagio ndiye aliyezifuta kila Jumamosi, akijua ipi mguu wake unacheza.

Siku ya kujaza fomu, yeye mwenyewe alimwaga chai juu ya faili la kijani. Likabaki doa lenye umbo la sikio.

"Baba! Wataniona mchafu!" Kitinda akalia.

"Wataona kwenu kuna chai," mama yake akasema. "Si haba."

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikaa roho juu. Mlango ukibishwa, Kitinda alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. Chakula alikichezea kama mtoto anayechezea udongo.

"Baba, huko ofisini husikii chochote?"

"Mimi nasikia ufagio tu, mwanangu."

Mlinzi wa getini naye hakumwacha. "Mzee, mwanao akikosa udaktari, msisononeke. Ufagio si upo? Huo nao ni urithi!"

Mzee Fagio alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi asubuhi moja alifungua ofisi ya usajili, akakuta meza ndefu imepangwa upya. Upande mmoja mafaili yamerundikana kama matofali. Upande wa pili, karibu na mashine ya taipu, fungu dogo, peke yake. Hakuhitaji kuambiwa kwamba hilo ndilo la wale arobaini. Karani wa usajili, mama wa makamo mwenye viatu vya kisigino, alikwisha kumwonya: "Baba, meza ifute, lakini mafaili usiyaguse hata kwa pumzi." Naye hakugusa. Alipita mbali, macho yake ameyafunga nusu, moyo unampiga kama anayepita nyumba yenye mbwa.

Ila rangi ilimwingia kichwani. Akafungua dirisha. Upepo ukaingia kwa nguvu, mlango nyuma yake ukajibamiza, pa! Alipogeuka, faili moja lilikuwa sakafuni, limelala kifudifudi, katikati ya mafungu yale mawili.

Akaliokota. Kijani. Doa la sikio.

Lilitoka upande gani? Faili halisemi. Kama lilitoka kwenye rundo, kulitia kwenye fungu dogo ni wizi, tena wizi wa kiti cha mtoto wa mwenzake. Kama lilitoka kwenye fungu dogo, kulitia kwenye rundo ni kumchinja mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Jasho likamtoka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Ko, ko, ko. Viatu vya kisigino vinapanda ngazi. Siku zote mama huyo hufika saa mbili; leo ndiyo siku aliyoamua kuwahi.

Kusema? Aseme, "Mama, faili limeanguka"? Ataulizwa la nani. Ataonekana alipekua. Watamfukuza yeye, na binti yake watamfuta kabisa. Ko, ko. Mkono ukatangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea. Faili likakaa juu ya fungu dogo.

"Dirisha kafungua nani?"

"Mimi, mama. Rangi."

"Hukugusa kitu?"

"Vumbi tu, mama."

Sauti yake ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. Mama karani akaketi, akatia karatasi kwenye mashine, akavuta fungu dogo, akalamba kidole gumba na kuanza kuhesabu. Mzee Fagio akatoka kufagia ngazi alizokwisha kuzifagia. Akiwa ngazi ya tatu alimsikia mama yule amefika mwisho, ila idadi yenyewe hakuikamata. Halafu akaanza kuhesabu upya, tangu moja.

Siku kumi na sita zilipita. Usingizi ulimkimbia, chakula akakiacha. Mkewe akadhani ni malaria. Barua ilipokuja, Kitinda aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa chini. Amechaguliwa! Mama yake aliruka, kiti kikaanguka.

"Baba, hufurahi?"

"Nafurahi, mwanangu. Nipe maji."

Wiki ile kijana mmoja alikuja ofisini na mama yake, kuuliza kama hakuna makosa yaliyofanyika, kwa kuwa alama zake zilikuwa nzuri mno. Mzee Fagio alijificha katika stoo ya ndoo, mgongo ukutani, mpaka walipoondoka. Jumamosi alipofuta zile stuli alimwona kijana yule juu ya kila moja.

Leo Kitinda ni daktari, na mzuri; watu wanamshukuru barabarani, na kila shukrani ilimshtua baba yake kama mkono wa polisi begani. Hakumwambia binti wala mkewe. Aliniambia mimi, jirani yake; na mara moja tu, baada ya kustaafu, alikwenda kwa mama karani, ambaye naye alikuwa amestaafu. Wakaulizana hali, wakasema habari za magoti. Mwishoni akalitoa swali lake, limepauka kwa kukaa miaka mingi. Mama yule alitazama kikombe, akasema, "Baba, chai yako inapoa," akainuka kwenda kutafuta sukari ndani, na sukari ilikuwa pale pale mezani. Mama karani tulimzika mwaka uliofuata. Mzee Fagio alisimama pembeni ya kaburi mpaka watu wakaisha, midomo inacheza, nami nikajua anauliza lile lile:

"Mama, asubuhi ile ulipoyahesabu mara ya pili, yalitimia arobaini, au lilizidi moja?"