Mikono Iliyomwamkia Mama

Sikulazimishi uniamini. Lakini mama yangu yuko hai, yuko hapa hapa Tunduma, na ukija saa ya chakula utayasikia makofi ninayokusimulia kwa masikio yako.

Mdogo wangu Festo alikuwa fundi kompyuta kwenye kibanda changu cha fotokopi, miaka ile mji ulipoanza kuizoea intaneti. Alikuwa na programu ya kutengenezea katuni. Humo alimchora kijana, akamwandikia amri mstari kwa mstari, kisha akavuta waya mpaka kwenye roboti lake: mikono miwili ya bati yenye mota za printa mbovu. Ukibonyeza, kijana wa kwenye skrini anapiga makofi ya kumwamkia mkubwa, kama desturi yetu Wanamwanga, na mikono ya bati inamfuata. Ilikuwa zawadi ya mama, ambaye haoni. Tatizo, mkono wa kushoto ulichelewa, ikatoka kelele ya sufuria. Mama alicheka, akasema roboti lake halina adabu.

Festo akafa ajalini upande wa Zambia. Tulizika jeneza lililofungwa, na mama hakukubali. Akasema hatakula mpaka mwanawe aje kumwamkia. Ningefanya nini? Nilikuwa namleta kibandani nimbembeleze kwa uji, anaonja na kususa. Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na niliogopa kuzika tena.

Mchana mmoja wa mvua, mama akiwa kibandani, umeme ukakatika. Akaingia mtu mwenye koti la kofia, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Festo. Nikamwambia hakuna umeme. Akakaa. Skrini ikawaka. Haki ya Mungu, ikawaka. Akaandika taratibu, nami nikaona kidole gumba chake: kovu la chuma cha kulehemu, pale pale lilipokuwa la Festo. Na kwa mvua ile, koti lake lilikuwa kavu.

"Wa kushoto ulikuwa unasubiri wa kulia umalize," alisema bila kugeuka. "Sasa itaanza pamoja."

Mikono ikapiga makofi. Makofi safi, ya adabu. Mama akainua uso.

"Marahaba, baba. Umechelewa."

Nilimtazama mama kidogo tu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mbadili fedha anayekaa mlangoni mwa kibanda aliapa hajaona mtu akiingia wala kutoka. Mama akaomba uji, akaumaliza.

Tangu hapo mikono ile hupiga kila saa ya chakula, na waya nilishauchomoa. Niliwahi kuifungia stoo. Mama akasusa kula mpaka nikairudisha.

Kwa hiyo wewe, ukifiwa na fundi, kazi aliyoiacha nusu imalizie au ibomoe, usimwachie sababu ya kurudi. Mimi nimeshachelewa. Kila asubuhi napiga magoti na kumpigia mama makofi, mimi mwanawe niliyebaki. Haitikii. Anatega sikio kwenye ile mikono ya bati, anamngoja Festo.